Koleo la Meno na Amana Isiyo na Shahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Siku si nyingi zilizopita alitujia kijana mmoja wa hapa Kiunga, katika wale tuliowasomesha juzuu ya Amma walipokuwa wadogo. Sasa ni mtu mzima wa miaka 28, ana mke na mtoto mmoja. Alikuwa amepata kazi katika nchi za Ghuba. Nauli imekwisha changwa na jamaa, na mamake amekwisha muombea dua ya safari. Akaenda Mombasa kupimwa afya, kama wapimwavyo wote waendao huko, akarudi bila ya safari. Damu yake imeonekana kuwa na virusi vya homa ya ini, namna ile iitwayo B. Hana homa, haumwi, anavua kamba kama wenziwe. Lakini kazi amenyimwa. Alikaa mbele yetu akauliza neno moja tu: "Maalim, maradhi haya nimeyapata wapi?"

Tulinyamaza, kwa sababu tulikumbuka jambo. Alipokuwa na umri wa miaka 7 aliumwa na gego usiku kucha, na asubuhi sisi wenyewe tulimshika mkono tukampeleka kwa fundi wa meno. Tulimshika kichwa asitikisike. Yule mzee alitoa koleo katika beseni la maji yaliyokwisha geuka rangi, akalipangusa kwa kitambaa, akaling'oa lile gego kwa ustadi, kisha akalirudisha koleo katika beseni lile lile, akaita: "Haya, wa pili na aje." Tulimlipa, tukamshukuru, naye akatuombea kheri.

Je, ni koleo lile? Hatusemi kuwa ndilo. Huenda alivipata kwa mamake siku ya kuzaliwa, au kwa wembe, au kwa sindano, au kwa njia nyingine. Hapana mtu leo awezaye kujua, na mzee yule amekwisha tangulia mbele ya haki. Basi hili ndilo suala tunalotaka kulitazama pamoja na wasomaji wetu: Ikiwa dhara haionekani siku inapotendwa, na itakapodhihiri baada ya miaka 20 haiwezi tena kufungamanishwa na aliyeitenda, je, kuna dhamana juu ya mtu? Na ikiwa ipo, ni juu ya nani?

Kwanza yatupasa tuyajue mambo yenyewe, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho. Jino ling'olewapo, au ufizi ukatwapo, damu hutoka ikachanganyika na mate, na chombo kilichoingia mdomoni hutoka kimepakwa vyote viwili. Katika damu huweza kuwamo virusi vya namna tatu ambavyo matabibu huviogopa zaidi: vya homa ya ini B, vya homa ya ini C, na vya UKIMWI. Havilingani kwa nguvu. Watu 1,000 wasio na kinga wakichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye UKIMWI, takriban 3 huambukizwa. Lakini ikiwa ni damu yenye virusi vya homa ya ini B, watakaoambukizwa ni kati ya 60 na 300. Tena virusi hivi vya B huweza kukaa nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka juu ya chuma au meza, kwa muda wa siku 7 au zaidi, navyo vingali hai na tayari kumwingia mwingine.

Na maradhi yenyewe hayana haraka. Mtu mzima aambukizwapo, aghlabu mwili wake huvishinda. Chini ya 5 katika 100 ndio wanaobaki navyo maisha. Lakini mtoto mchanga aambukizwapo, takriban 9 katika kila 10 hubaki navyo, na baada ya miaka mingi ya kuonekana mzima, ini huweza kukauka au kuingia saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na kwamba watu milioni 1.1 walikufa kwayo katika mwaka huo mmoja. Wengi wao hawakujua kuwa wanayo.

Sasa tumfikirie mzee yule na beseni lake. Hakuwa mtu mwovu. Aliamini kuwa ameosha. Na sisi tuliosoma fiqhi tulimwona akiosha, tukaridhika. Kosa letu lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kuchanganya mambo mawili ambayo si mamoja: twahara na salama.

Twajua sote namna ya kutwahirisha kitu kilichoingiwa na damu. Hoshwa kwa maji mpaka zikaondoka sifa zake tatu: rangi, ladha na harufu. Zikisha kuondoka, kitu ni twahara, na mtu aweza kukitia mfukoni akasali nacho. Hukumu hii ni sahihi, na hapana wa kuigusa. Lakini virusi havina rangi, wala ladha, wala harufu. Koleo lililooshwa likang'ara kama fedha huenda likawa halal kwa kusali nalo na haramu kulitia katika kinywa cha Mwislamu mwingine. Kwani suala la kwanza ni haki ya Mwenyezi Mungu katika ibada, na la pili ni haki ya mja katika mwili wake. Na sharia ile ile iliyotufundisha kuosha najisi ndiyo iliyotukataza kudhuru na kudhuriana. Mwenye kutosheka na la kwanza akaliacha la pili ameishika nusu ya dini.

Na salama hiyo hupatikana kwa nini? Haipatikani kwa kitambaa, wala kwa maji ya dawa yanayotumiwa kutwa nzima kwa watu kumi. Maji yachemkayo hufika joto la 100 tu, nayo huua vingi, lakini viko vijidudu vyenye gamba ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Kwa ajili hiyo, Mfaransa Charles Chamberland, mwanafunzi wa Pasteur, alitengeneza mwaka 1879 mtungi unaofungwa kwa nguvu ili mvuke usitoke. Mvuke ukizuiliwa, joto hupanda hadi 121. Na vyombo vilivyokwisha kuoshwa vizuri vikikaa humo dakika 15 hadi 30, kwa kadiri vilivyofungwa, hapana kiumbe hai kinachobaki juu yake. Mitungi ya namna hii iko mikubwa ya umeme na iko midogo ya kupashwa kwa gesi au jiko la mafuta. Basi si jambo la Nairobi peke yake.

Wala msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la masikini wa pwani tu. Mwezi wa Julai 1990 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza khabari ya msichana wa Florida aliyeonekana kuambukizwa UKIMWI kwa daktari wake wa meno, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Na hatimaye wagonjwa wake 6 wakathibitika. Daktari alikufa mwaka ule ule, na njia virusi vilivyopitia haikujulikana mpaka leo. Kisha mwaka 2013, katika mji wa Tulsa, watu takriban 7,000 waliitwa kupimwa damu kwa kuwa vyombo vya daktari mmoja mpasuaji wa meno havikuwa vikisafishwa sawasawa. Wengine walionekana na virusi, lakini aliyethibitishwa kwa hakika kuvipata kwa mgonjwa mwenziwe katika chumba kile alikuwa mmoja tu. Mazingatio yako hapo: nchi yenye maabara na mahakama zote zile, na bado shahidi hapatikani. Nasi hapa Kiunga tutampata wapi?

Na hapa twarudi kwenye suala letu. Baadhi ya watu husema: "Ikiwa hapana awezaye kuthibitisha, basi hapana dhamana." Neno hili ni kweli mbele ya kadhi, na ni batili mbele ya Mola wa kadhi. Kadhi huhukumu kwa ushahidi, kwa kuwa yeye ni mwanadamu. Ama amana, imewekwa khasa kwa ajili ya mahali pasipo na shahidi. Kwani penye shahidi, hata mwizi huwa mwaminifu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha maana ya ihsani, kuwa mja amwabudu Mola wake kana kwamba anamwona, na akiwa hamwoni, basi ajue kuwa Yeye anamwona. Twaisoma hadithi hii tukadhani ni ya msalani peke yake. La! Ni ya fundi wa meno pia, pale anapobaki peke yake jioni na vyombo vyake, amechoka, na mgonjwa wa kesho hajui kitu. Saa ile, kuliwasha jiko au kutoliwasha ndiyo ihsani yake au khiyana yake.

Na wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) maana ya kwamba anayejitia utabibu hali hakujulikana kwa elimu hiyo, dhamana ya madhara ni juu yake. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, aliwagawa matabibu mafungu akaeleza hukumu ya kila mmoja: yuko mjuzi aliyetimiza haki ya kazi yake, na huyu hana lawama hata mgonjwa akifa, na yuko jahili aliyejitia, na huyu hatoki katika dhamana hata kama alikusudia kheri. Katika Andalusi, Abul Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013 wa Miladi, alichora vyombo vya kung'olea na kusugulia meno katika kitabu chake, akaonya juu ya vinyozi wajinga wang'oao kwa pupa. Na vitabu vya hisba, kama kile cha Shayzari cha karne ya 12, vina milango juu ya matabibu, wapigaji chuku na wapasuaji, ili muhtasib awakague. Basi ukaguzi wa tabibu si bidaa iliyoletwa na serikali ya leo. Ni sunna yetu tuliyoiacha, wengine wakaiokota.

Atasema mwenye kusema: "Maneno haya ni mazuri, lakini Kiunga ni mwisho wa pwani. Kwenda hospitali ya Lamu ni safari ya chombo, na kusi likivuma bahari haipitiki. Barabara nayo ina khofu. Mtu analia kwa jino usiku, na fundi yuko nyuma ya nyumba, na bei yake ni ndogo. Je, mwataka masikini afe kwa maumivu?" Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau, ndiyo iliyotupeleka sisi wenyewe kwa mzee yule. Dharura hujuzisha yaliyokatazwa. Hii ni kanuni inayojulikana. Lakini iko kanuni nyingine, dada yake, isiyotajwa sana: dharura ya mtu haibatilishi haki ya mwenziwe. Aliyeshikwa na njaa akila chakula cha mwingine hana dhambi, lakini atalipa thamani yake. Kadhalika, dharura yaweza kukuruhusu uende kwa fundi asiyekuwa na cheti. Haiwezi kumruhusu fundi atie kinywani mwako damu ya aliyekutangulia. Umbali wa Lamu ni udhuru wa kukosa daktari. Si udhuru wa kukosa jiko na mtungi wa mvuke. Basi na tuitumie dharura kwa kadiri yake, tusiifanye shuka la kufunikia uvivu.

Mwingine atasema: "Wazee wetu waling'olewa kwa koleo hilo hilo wakaishi miaka 80." Tutamjibu: Umewaona walioishi, waliokufa kwa matumbo kujaa maji na macho kuwa manjano umewauliza walipata wapi? Tuliwazika, tukasema ni safura, au ni kijicho. Na wa tatu atasema: "Yote ni kadari." Naam, yote ni kadari, na mtungi wa mvuke pia ni kadari. Bedui alifundishwa amfunge ngamia wake kisha ategemee. Hakuambiwa amwache ngamia wa jirani apotee, kisha amwambie jirani ategemee yeye.

Liko jambo lililo kubwa kuliko gego la mtu mzima, nalo ni midomo ya watoto wachanga. Katika Tanzania, tangu miaka ya 1980, na katika Uganda na sehemu nyingi za Afrika Mashariki, imeenea itikadi ya "meno ya plastiki". Mtoto akiharisha na kupata homa, huambiwa mamake kuwa katika ufizi mna meno mabaya. Naye hupelekwa kwa mtu wa kumchimbua kwa wembe, au kwa msumari, au kwa waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa. Kinachotolewa si plastiki wala si ugonjwa. Ni chipukizi la jino lake la chonge, alilopewa na Mola wake, ambalo lingeota kwa wakati wake. Na iko desturi nyingine ya kukata kimio kwa ajili ya kikohozi, wembe mmoja kwa watoto wengi. Tumekwisha sema kuwa mtoto mchanga ndiye anayebaki na virusi vya homa ya ini maisha yake, 9 katika 10. Basi huyu amekatwa kiungo kisichokuwa na ubaya, kwa maradhi asiyokuwa nayo, na huenda akapewa badala yake maradhi yasiyomtoka. Hili hatuliiti tiba. Ni dhulma juu ya asiyeweza kusema, na mzazi aliyemshika mikono ni mshirika ndani yake, kama tulivyokuwa sisi siku ile tulipomshika kichwa mwanafunzi wetu.

Sasa kuna fitina moja tunaikhofia. Watu wakisha kusikia haya, wataanza kuulizana: nani ana virusi? Nani asikae kwenye kiti cha daktari? Tahadharini, ndugu zetu. Kanuni ambayo madaktari duniani wameishika tangu miaka ya 1980 ni kinyume cha upelelezi huo: wao humchukulia kila mgonjwa kana kwamba huenda anavyo, basi kwa kila mgonjwa huvaa glavu mpya, hutumia sindano mpya, na hushika chombo kilichopita katika mvuke. Tazameni hekima iliyomo. Chombo kikiwa salama kwa kila mtu, hapana haja ya kujua siri ya mtu yeyote. Usafi huu ni sitara: humlinda mzima asiambukizwe, na humlinda mgonjwa asifedheheke. Mganga anayewafukuza wenye virusi huwafundisha watu kuficha. Na anayeficha ni khatari zaidi kwake na kwa wenziwe. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, mambo yalidhihiri wazi zaidi, kwani mashine ya kuchimba jino hurusha ukungu wa mate hewani, na daktari na mgonjwa wote wawili wakajua kuwa kila mmoja ni amana ya mwenziwe. Na kweli, waganga wa meno wenyewe wamekuwa wakiambukizwa homa ya ini kwa kazi yao tangu kabla ya kupatikana chanjo. Anayeusafisha mkono wake kwa ajili yako anajisafishia na nafsi yake.

Basi dhamana ni juu ya nani? Twaonelea imegawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mganga: asijue akajitia, au akajua akapuuza, yote mawili yatamsimamisha mbele ya Mola wake. La pili ni la mgonjwa na mzazi: kuuliza si utovu wa adabu. Sema kwa upole, "Mwalimu, au daktari, chombo hiki kimepita katika mvuke baada ya mtu wa kwanza?" Mwaminifu hatakasirika, na atakayekasirika amekwisha kukujibu. La tatu, na ndilo zito, ni la mji mzima. Kuwako kwa mtu mwenye elimu na chombo kilicho salama ni fardhi kifaya, kama kumwosha maiti: akipatikana mmoja wametoka wote, na asipopatikana wamepata dhambi wote. Twachanga kwa khitma na kwa maulidi. Twachanga kwa zulia la msikiti lingali zima. Mtungi mmoja wa mvuke katika kituo cha afya, na makoleo ya kutosha ili moja likiwa motoni jingine liwe tayari, ni sadaka ya kuendelea. Fauka ya hayo iko chanjo. Kenya imekuwa ikiwachanja watoto wachanga homa ya ini B tangu 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo aghlabu hakuipata, naye aweza kupimwa, na akiwa hana ugonjwa achanjwe mara tatu katika muda wa miezi 6.

Ama kijana wetu, tulimweleza yote haya, pamoja na khabari ya koleo na beseni, kwani hatukuona halali kumficha. Tulimwambia kuwa virusi vya C leo huponywa kwa vidonge vya wiki chache. Na vya B, ijapokuwa havijapatiwa dawa ya kuving'oa kabisa, viko vidonge vya kuvizuia, na wengine hawahitaji ila kuangaliwa mara kwa mara. Tukamsisitiza ampeleke mkewe na mtoto wakapimwe na kuchanjwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Maalim, mimi nimekusameheni. Lakini yule mtoto wa pili aliyeitwa baada yangu siku ile, ni nani?"

Hatumkumbuki. Tumejaribu sana, wala hatumkumbuki. Na kwa ajili yake ndipo tumeandika.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyatenda kwa ujinga, usitujaalie kuyarudia baada ya kujua, na uwape afya wagonjwa wetu, wale tunaowajua na wale tusiowajua. Amin.